Siku mbili Pate na Siyu kufuata ukoo: uzoefu wangu

Safari hii ya kutafuta nyumba za ukoo katika Pate na Siyu, miji ya kale ya kisiwa cha Pate, huanzia Lamu. Malipo yalijumuisha boti, mwongozaji, chakula na kulala kwa wenyeji, maana hoteli Pate usiitarajie. Mwongozaji namsifu kwa jambo moja kubwa: kabla ya yote aliuliza majina. Alitaka jina la nyanya, la babake nyanya, na la mtaa. Ndivyo inavyopaswa. Kwa desturi ya huku nyumba ya mawe alipewa binti alipoolewa, na mume ndiye aliyehamia. Ukifuata jina la babu peke yake, utafikishwa kwenye nyumba ya wakwe zake. Ile ya ukoo wake ilikwenda kwa dada zake. Yaandike majina haya nyumbani, uwaulize wazee wenu wa kike kwanza.

Kasoro ilikuwa ratiba. Mkanda, ule mlango kati ya kisiwa cha Manda na bara, hupitika vizuri maji yakijaa. Sisi tuliondoka maji yanakupwa, boti ikapanda mchanga, asubuhi nzima ikatupotea. Aliyepanga alitazama saa, hakutazama bahari. Kabla ya kulipa, uliza maji yanajaa saa ngapi siku hiyo, na kurudi je. Ukishuka Mtangawanda, gati la kisiwa cha Pate, Pate mjini ni kama saa nzima kwa miguu, pikipiki zipo.

Sasa magofu ya Wanabahani, ukoo uliotawala Pate zamani, nje kidogo ya mji, katikati ya mashamba ya tumbaku. Nenda alfajiri, jua likiwa chini, kwa sababu mwanga wa ubavuni ndio unaoonyesha nakshi za chokaa ukutani. Tulisimama mbele ya ukuta mmoja wenye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani: ukingo wa kila kidaka bado mkali, ila nyuma yake mawe ya matumbawe yamelegea, udongo unamwagika ukigusa. Usiguse. Dari ikishaanguka mvua huingia juu ya ukuta, hulainisha udongo wa ndani, na plasta hutoka vipande vizima. Pima pia upana wa chumba kwa hatua: vyumba ni virefu lakini vyembamba, mita mbili na nusu hadi tatu hivi, kwa kuwa boriti za mkoko hazibebi dari ya mawe kwa upana zaidi. Kwa hiyo usidhani chumba chembamba ni cha mtu maskini.

Kwenye nyumba zenye watu, piga hodi ungoje dakani, pale kibarazani mlangoni. Ndani hapapigwi picha bila ruhusa ya mwenye nyumba, na mara nyingi mwenye nyumba ni mama.

Siyu tulipewa saa mbili tu, ngome na kurudi. Ni kidogo mno. Mji uliomkatalia Seyyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar, wakati wa mtawala wake Bwana Mataka, mji wa mafundi wa milango na wanakili wa misahafu, unahitaji usiku wake. Mwambie mwongozaji mapema akutafutie pa kulala huko, na ubebe maji ya kunywa, viatu vya kufunika vidole na noti ndogondogo.