Autoklevu ya mezani ya lita 18: inaitosha kliniki ya meno ya viti viwili?

Autoklevu huua vijidudu kwenye vifaa kwa mvuke wa moto. Tunazungumzia mashine za daraja B kwa kiwango cha Ulaya cha EN 13060, zile zenye pampu ya kuvuta hewa. Madukani zina majina mengi, ndani zinafanana: chemba ya chuma kisichoshika kutu, trei chache, tangi la maji safi na la maji machafu, mlango wenye mpira wa silikoni. Inakaa mezani, ila meza iwe ya maana, kwani uzito unapita kilo 40. Umeme inavuta takriban kilowati 2, kwa hiyo kijenereta cha dukani cha kilowati 1 hakiibebi. Umeme ukikatika katikati ya mzunguko, mzigo wote ni mchafu, unaanza upya.

Kwa nini usinunue ile ya bei poa isiyo na pampu, inayofanya kazi kama presha kuka? Sababu ni hendipisi, kile kishikio kinachozungusha keekee ya meno. Mvuke huua vijidudu pale tu unapogusa. Autoklevu isiyo na pampu huuachia mvuke usukume hewa chini hadi itoke. Kwa koleo la kung'olea au kioo cha mdomoni kisichofungwa, hiyo inatosha. Hendipisi ina vimirija vyembamba. Hewa inabaki humo na mvuke hauingii. Nje imeiva, ndani mbichi. Daraja B huvuta hewa, huingiza mvuke, huvuta tena, kwa kawaida mara tatu, kisha hupanda hadi nyuzi 134 na kukaa hapo dakika 3 na nusu au 4. Mwisho pampu hukausha pakiti, maana karatasi iliyoloa hupitisha vijidudu kama kitambaa kinavyofyonza maji.

Kwa kazi hiyo mashine hatuna ugomvi nayo. Ugomvi wetu ni hesabu. Mzunguko wa vifaa vilivyofungwa huchukua dakika 40 hadi 60 pamoja na kukausha. Ongeza kuosha, kupaka oili, kufunga na kupoa: hendipisi iliyotoka mdomoni hairudi kazini kabla ya saa moja na nusu, na ikisubiri mzigo ujae ni zaidi. Viti viwili vikihudumia mgonjwa mmoja kila nusu saa, ni wagonjwa wanne kwa saa. Hata ukiwatoa wanaokuja kung'oa tu, hendipisi sita za kasi ni chini kabisa. Nane ndizo zinapumua. Kliniki yenye mbili itaishia kufuta kwa spiriti kati ya mgonjwa na mgonjwa, autoklevu ikiwaka pembeni kama pambo. Ukiwa na fedha za lita 23, chukua 18 na chenji uongezee hendipisi.

Kinachoziua mashine hizi ni maji. Kila mzunguko hunywa nusu lita au pungufu, na yawe yaliyogeuzwa mvuke kisha kupozwa (distilled), yasiyozidi maikrosimensi 15 kwa sentimita, kipimo kinachoonesha madini yaliyomo. Maji ya chupa ya kunywa yana madini. Ya kisima cha chumvi ndiyo usiseme. Magamba meupe hushika kwenye hita, vali zinakwama, na fundi anakuletea bili. Maji ya betri yanatofautiana chupa kwa chupa, basi yapime kwanza kwa kifaa cha kupimia. Oili nayo: hendipisi ikipakwa kupita kiasi, inachafua chemba na pakiti zinatoka na madoa ya njano. Iache ijikamue dakika chache ikiwa wima kabla ya kufunga.

Kuloweka vifaa kwenye klorini ya asilimia 0.5 kabla ya kuosha tumekuzoea vituoni, lakini Shirika la Afya Duniani halikupendekezi tena, na klorini inatafuna chuma. Osha kwa sabuni ya vimeng'enya. Damu iliyogandia juu ya chuma huukinga uchafu ulio chini yake, joto lolote utakalopiga.

Ule mkanda unaobadilika rangi juu ya pakiti unasema kitu kimoja tu: pakiti imepita kwenye joto. Asubuhi, mashine ikiwa baridi na kavu, fanya kipimo cha kuvuja. Kisha kipimo cha heliksi, kile cha mrija wa mita 1.5 wenye kikaratasi mwishoni. Kikaratasi kisipogeuka rangi chote, hewa haijatoka. Shaka kwanza mpira wa mlango. Mara moja kwa wiki weka mashineni kichupa cha spora (mbegu sugu) za bakteria Geobacillus stearothermophilus, na kingine ukiache nje, kisha vyote viwili uvioteshe. Hicho cha pili lazima kiote. Kisipoota, kipimo hakina maana hata kama cha kwanza kimetoka safi.

Pakiti zipangwe zikisimama kwa ubavu, karatasi ikitazama plastiki ya jirani. Kuzibananisha ndiko kunakoleta pakiti mbichi, na wengi hulaumu pampu.

Kabla ya kulipa, kama uko Tanzania, uliza usajili wa TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Mwambie muuzaji aendeshe kipimo cha heliksi mbele yako, na akuoneshe mpira wa mlango wa akiba ukiwa dukani kwake, si kwenye katalogi. Mpira huo huchakaa kuliko kitu kingine chochote, na ukichanika bila wa akiba, kliniki inafungwa hadi mzigo ufike.