Loeb namba 258: Tyrtaeus na mashairi ya vita ya Sparta

Anayetaka mashairi yenyewe waliyosomewa askari wa Sparta, si habari zake tu, anunue Greek Elegiac Poetry ya Douglas Gerber (Harvard, 1999), kitabu kidogo cha jalada la kijani, namba 258 katika mfululizo wa Loeb, wa vitabu vya kale vya Kigiriki na Kilatini vyenye tafsiri ya Kiingereza. Kigiriki kiko kushoto, Kiingereza kulia. Hakikisha namba kabla ya kulipa. Namba 259, ya mhariri huyohuyo na mwaka huohuo, ndiyo yenye Archilochus, yule mshairi aliyeiacha ngao yake kichakani akasema atapata nyingine. Hata elegia zake, yaani mashairi ya mistari miwili miwili, mrefu na mfupi, zimo humo. Juzuu za zamani za Loeb za mhariri Edmonds, za 1931, ni za kuepuka: mapengo mengi ya maandishi ameyajaza kwa kubuni.

Tyrtaeus, mshairi wa karne ya 7 KK, Sparta ikipigana na jirani zake Wamessenia, ndiye anayekifanya kitabu kistahili bei yake. Anza na kipande (shairi au sehemu yake iliyosalia) cha 11, mistari 38. Humo askari anaagizwa mwili wake aufanye nini: atanue miguu na kuikita yote miwili ardhini, aume mdomo, ngao ifunike mapaja, miundi, kifua na mabega, mkono wa kulia utikise mkuki. Kisha mguu kwa mguu, ngao kwa ngao, kifua kwa kifua. Wengi huishia hapo wakadhani ni safu moja iliyoshikamana ya wenye silaha nzito. Soma mistari minne ya mwisho: wasio na silaha nzito wanachutama huku na huku chini ya ngao, wakirusha mawe.

Kipande cha 10 kinamsukuma askari kwa aibu. Mzee mwenye mvi ameanguka mbele ya vijana, anakata roho mavumbini, mikono imeshika uchi wake uliolowa damu. Kijana gani atarudi nyuma akishaiona picha hiyo? Mistari hiyo 32 imetufikia kwa sababu Lycurgus, mwanasiasa wa Athens, aliinukuu mahakamani huko mwaka 330 KK, akimshtaki Leocrates kwa kuukimbia mji. Ni yeye pia anayesema Sparta ilikuwa na sheria: jeshi likiwa vitani, wote waitwe kwenye hema la mfalme wamsikilize Tyrtaeus. Philochorus, mwanahistoria wa Athens, anaongeza kwamba baada ya chakula waliimba kwa zamu, na mshindi kamanda alimpa nyama.

Kwa hiyo usiyachanganye mashairi haya na muziki wa kutembelea. Katika vita vya Mantinea mwaka 418 KK, kwa maelezo ya mwanahistoria Thucydides, kilichowaweka Wasparta kwenye hatua moja kilikuwa filimbi. Elegia ni za kambini.

Kasoro kubwa ni tafsiri ya nathari. Ni makini, lakini mshororo mrefu wa mapigo sita unaofuatwa na ule mfupi umepotea wote, na aliyezoea mizani ya tenzi atajiuliza haya yalikaririwaje. Asiyejua Kigiriki atafute kwanza mtu wa kumsomea ukurasa wa kushoto kwa sauti. Kwa jaribio la haraka, mshairi mwingine wa kitabu hiki, Callinus wa Ephesus, mistari 21 tu, anatosha: anawauliza vijana watalala mpaka lini.