The Assassin and the Pirate Lord: Novela Inayoitangulia Throne of Glass

Ndugu watazamaji, karibuni. Leo tunachambua kitabu kifupi cha Sarah J. Maas kiitwacho The Assassin and the Pirate Lord, novela iliyotoka mwaka 2012 kama kitabu cha kielektroniki, miezi kadhaa kabla ya riwaya yenyewe ya vijana, Throne of Glass, kuchapishwa mwezi Agosti mwaka huo huo. Ambaye bado hajaisoma riwaya hiyo, na hapendi kufichuliwa mambo, aniwie radhi, kwa maana novela hii haielezeki vizuri bila kugusa yaliyomo humo.

Walioisoma watakumbuka kwamba Throne of Glass inaanza kwa Celaena Sardothien, msichana wa miaka 18, kutolewa katika machimbo ya chumvi ya Endovier baada ya kutumikia mwaka mzima wa kazi za sulubu. Tunaelezwa kwamba yeye ni muuaji wa kukodiwa mwenye sifa ya kutisha, na kwamba alikuwa na mpenzi aliyeitwa Sam ambaye aliuawa. Tatizo ni kwamba mambo yote mawili tunasimuliwa tu, na msomaji mkaidi kama mimi hubaki akidai ushahidi.

Novela inauleta ushahidi huo. Celaena ana miaka 16, Sam Cortland yu hai, na wawili hao hawapikiki chungu kimoja. Arobynn Hamel, Mfalme wa Wauaji aliyemlea binti huyu, anawatuma pamoja hadi bandari ya Skull's Bay kwa Kapteni Rolfe, Bwana wa Maharamia, nao wanasafiri wakiamini kwamba wanakwenda kudai fidia ya wauaji wenzao waliouawa. Wakifika ndipo wanapobaini kwamba walichotumwa kukichukua si fedha bali ni watu: watumwa wapatao 200, ambao Arobynn amekubaliana na maharamia kuwafanyia biashara.

Hapo ndipo kitabu kinapopata uzito wake. Celaena anaua watu kwa malipo na hajioni kuwa mwovu, lakini biashara ya utumwa inamshinda kuimeza, na kwa mara ya kwanza analazimika kumtazama mlezi wake kwa jicho la mtu mzima. Mwandishi hamgeuzi kuwa malaika kwa usiku mmoja. Anaendelea kuwa na majivuno, anaendelea kumdharau Sam, na hata anapoamua kuwafungua watumwa hao hatuna hakika ni kiasi gani anasukumwa na huruma na ni kiasi gani na hasira ya kudanganywa. Anayeijua riwaya anapata uchungu wa ziada, kwa kuwa binti huyu anayewafungulia wengine minyororo atakuja kufungwa yeye mwenyewe kule Endovier.

Naomba niwaonyeshe pia mikono ya Rolfe, kwa sababu kwangu ndiyo ubunifu bora wa novela nzima. Mikono hiyo imechorwa ramani kwa wino ndani ya ngozi, ramani ambayo inasemekana aliinunua kwa kuiuza roho yake, na ambayo zamani ilikuwa ikibadilika ili kumwonyesha dhoruba, maadui na hazina. Tangu uchawi ulipotoweka katika nchi, ramani imeganda. Mwandishi mwingine angetumia kurasa tatu kutueleza historia ya uchawi kupotea. Maas anatuonyesha haramia anayetembea na ramani iliyokufa mikononi, nasi tunaelewa.

Kwa bahati mbaya, Rolfe mwenyewe hakupewa akili inayolingana na sifa zake. Mtu anayetawala bandari yenye mnyororo wa kuzuia meli na manati za kuzizamisha anazidiwa maarifa na vijana wawili kwa urahisi unaotia shaka, na mpango wa kuwatorosha watumwa unakwenda harakaharaka. Watumwa wenyewe hawapewi nafasi ya kutosha ya kuzungumza, na hili liliniudhi kuliko yote, kwani kisa kizima kimesimama juu ya uhai wao.

Sam, kwa upande mwingine, amechorwa kwa subira. Hakuna busu wala kiapo cha mapenzi. Kuna kijana anayebishana na Celaena, kisha anakubali kuhatarisha maisha yake katika uamuzi ambao hata yeye anauona kuwa sahihi. Ukijua yatakayompata, kila ubishi wao mdogo unakuwa na ladha ya msiba.

Kwa hiyo, ingawa matukio yake yanatangulia, ushauri wangu ni kusoma Throne of Glass kwanza. Tena msiinunue novela hii peke yake: tangu mwaka 2014 inapatikana katika mkusanyiko uitwao The Assassin's Blade, pamoja na nyingine nne.