Mfumo wa gesi kwenye injini ya dizeli: nani aufunge, nani auache

Karibuni watazamaji. Wengi mmeniuliza kuhusu mfumo huu hapa mezani, wa kuchoma gesi asilia pamoja na dizeli. Jibu langu mapema: una jenereta ya kiwanda au lori la mizigo, ufunge. Una Coaster inayoshinda kwenye foleni za Dar, achana nao.

Sababu iko ndani ya silinda. Methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia, haijiwashi mpaka joto lifike kama nyuzi 540 za Selsiasi. Dizeli inawaka kwenye 210 hivi. Kwa hiyo dizeli haiondoki kabisa. Gesi inaingia pamoja na hewa, pistoni inabana, nozeli inarusha dizeli kidogo, na hiyo ndiyo inayowasha gesi.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo wauzaji wengi wanaporuka. Mzigo ukiwa mdogo, gesi ni kidogo mno ndani ya hewa nyingi, moto hausambai silinda nzima. Sehemu ya gesi inatoka mbichi kwenye ekzosi. Umeilipia, haijasukuma tairi! Na methani hiyo, kwa uzito uleule, inapasha dunia joto zaidi ya mara 25 kuliko kaboni dioksidi katika miaka 100. Inaniuma, kwa sababu watu wanauziwa kitu hiki kwa jina la mazingira.

Lori likipanda mlima Kitonga na shehena, ni habari nyingine. Mchanganyiko umekolea, ufanisi unakaribia ule wa dizeli tupu, moshi mweusi unapungua waziwazi. Gesi inaweza kubeba zaidi ya nusu ya kazi. Ikiisha njiani, injini inaendelea na dizeli peke yake, na hilo ni muhimu, maana ukishaiacha Dar vituo vya gesi ni vya kutafuta.

Ila ukizidisha gesi kwenye mzigo mkubwa, injini inagonga, yaani gesi inajiwasha yenyewe ovyo ndani ya silinda, na kugonga huko kunatoboa pistoni. Gesi ya kupikia hugonga mapema zaidi.

Ndiyo maana huu nimeupenda: una sensa ya kugonga na ya joto la ekzosi, na unakata gesi wenyewe injini ikinguruma bila mzigo. Ule wa koki ya mkono, usio na kompyuta, msiufunge hata kwa bure. Na kabla ya kulipa, mwambieni fundi apime matumizi ya dizeli na gesi mbele yenu, gari likiwa tupu, kisha likiwa limepakia.