Unga wa lishe wa kilimo hai kwa mtoto anayeanza kula: unastahili bei yake?

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu wenye watoto wa mgongoni, habari za mchana.

Mezani hapa nina pakiti mbili za unga wa lishe. Huu wa kushoto una nembo ya Kilimohai, kilo moja nimeinunua shilingi 13,000. Huu wa kulia ni wa kawaida, nimeutoa duka la mtaani kwa 4,500. Mwanangu ana miezi saba na wiki moja. Mwezi mzima nimekuwa nikimkorogea wiki moja huu, wiki nyingine ule. Majina ya kampuni nimeyafunika kwa karatasi, kwa sababu sijalipwa na mtu na ninataka tuongelee unga wenyewe.

Tuanze na nembo. Kilimohai ni nembo ya Afrika Mashariki, ilianza mwaka 2007 pamoja na kiwango cha mazao ya kilimo hai cha nchi zetu. Ukiiona, maana yake shamba halikutiwa mbolea wala viuatilifu vya viwandani, na kuna watu wanaolikagua. Mimi hilo naliheshimu. Mtoto mdogo, ukilinganisha na uzito wake, anakula kingi kuliko wewe na mimi, kwa hiyo mabaki ya dawa yakiwepo, yeye ndiye anayeyapata kwa wingi. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilipitia suala hili mwaka 2012, kikasema vyakula vya kilimo hai kweli vina mabaki machache ya viuatilifu. Ila kwenye virutubisho, hawakuona tofauti yenye maana kwa afya ya mtoto. Wakaongeza kitu ambacho ningependa kila mama akisikie: usimpunguzie mtoto mboga na matunda kwa sababu huna hela ya yale ya kilimo hai.

Sasa jikoni. Unga wa kilimo hai una viungo vitatu tu: ulezi, mchele na soya. Rangi yake ya ulezi halisi, harufu nzuri, na uji unashika vizuri. Mnaona hapa nikiinamisha kijiko, haudondoki haraka. Uji wa mtoto uwe hivyo, maana tumbo lake ni dogo na ukimpa mwepesi unamjaza maji tu. Huu wa kawaida una viungo kumi na kimoja, karanga zikiwemo. Wengi tunadhani vikiwa vingi ndiyo lishe, lakini mtoto anayeanza akitokwa na vipele, utajuaje ni soya, ni karanga au ni ngano? Halafu karanga ikishasagwa haikai. Pakiti hii wiki ya tatu tu ilianza kunuka mafuta ya zamani, nikaacha kumpa.

Kwa hiyo mpaka hapo wa kilimo hai unaongoza. Lakini geuzeni pakiti nyuma. Wameandika: "changanya na asali kwa ladha." Hapana, jamani! Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hapewi asali, hata iwe imetoka msituni Tabora haijaguswa na kitu. Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria wanaosababisha botulizimu, ugonjwa wa sumu unaolegeza misuli, na utumbo wa mtoto mchanga hauna uwezo wa kuwazuia. Niliposoma hayo maandishi nilikasirika kweli, kwa sababu mama amelipa 13,000 akiamini amenunua usalama.

Na hapo ndipo penye jambo linalonikosesha usingizi, sumukuvu. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu 20 walifariki baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Mahindi ya kulima wenyewe, ya ghalani kwao. Sumu hii haitoki kiwandani, inatengenezwa na kuvu kwenye nafaka iliyoanikwa vibaya au kuhifadhiwa na unyevu, na mahindi na karanga ndiyo huathirika zaidi. Kuchemsha uji hakuiondoi. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni mikrogramu 10 kwa kilo, isizidi hapo. Nembo ya Kilimohai inakueleza shamba lililimwaje. Haikuelezi ghala lilikuwaje. Nilipiga simu namba iliyo kwenye pakiti, nikauliza kama unga umepimwa sumukuvu. Dada aliyepokea alikuwa na adabu sana, ila jibu hakuwa nalo. Ule wa 4,500, hata namba ya simu hauna.

Kitu kingine ni madini chuma. Mtoto anazaliwa na akiba yake, na ikifika miezi sita inakuwa imepungua sana, huku maziwa ya mama yana chuma kidogo. Uji wa nafaka peke yake, uwe wa kilimo hai au wa kawaida, hauzibi hilo pengo. Anahitaji maini, nyama iliyosagwa, dagaa waliotwangwa laini na kuchekechwa, yai lililoiva. Mpe na kipande cha chungwa au embe, kinasaidia mwili kunyonya chuma kwenye nafaka na maharage. Na chai, tafadhali, hata ya maziwa, msimpe. Inazuia hicho hicho chuma.

Tufanye hesabu. Tofauti ya pakiti hizi ni 8,500. Hapa kwetu Dar hiyo ni mayai kumi ya shilingi 500 na robo ya maini ya 3,500. Kwa mtoto wa miezi saba, mimi nachagua mayai na maini.

Kuna kimoja tu ambacho nalipia zaidi bila kujiuliza, nacho ni mchicha. Bonde la Msimbazi linapokea maji taka ya majumbani na ya viwandani, na kuna bustani zinamwagiliwa maji hayo hayo. Kwa hiyo mboga za mwanangu nanunua kwa mama mmoja ninayemjua, anatumia maji ya kisima na samadi. Hana nembo yoyote, lakini bustani yake nimeingia nikaiona.

Ninyi mlioko Ulaya, mnaoniuliza kila wiki kuhusu vile vichupa vya chakula cha watoto: Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha kawaida cha miligramu 0.01 ya kila kiuatilifu kwa kilo ya chakula cha watoto wachanga, kiwe cha kilimo hai au la. Kwa hiyo huko kichupa cha kawaida kimeshabanwa sana.

Je, nitanunua tena huu wa 13,000? Siku wakinionyesha cheti cha kupima sumukuvu na kufuta hayo maneno ya asali, nitanunua. Kwa sasa, ulezi wangu na mchele ni hivi hapa kwenye ungo. Nimechagua punje moja moja, zilizobadilika rangi na zilizovunjika nimezitupa, hata kuku sikuwapa. Leo naviosha na kuvianika juu ya mkeka, si chini kwenye udongo, mpaka vikauke kabisa. Kesho kutwa naenda mashineni mapema, nasaga kilo moja tu, ikiisha nasaga nyingine.