Akupancha Mtwara mjini: kula kwanza, hesabu sindano

Nimemaliza awamu sita za akupancha, ile tiba ya kuchomwa sindano nyembamba, kwa ajili ya kiuno, mara moja kwa wiki, kwenye kliniki moja ya tiba mbadala hapa Mtwara mjini. Huduma nimeiridhia, ila kuna mambo mgonjwa mpya haambiwi mpaka yamkute.

Nianze na sindano, maana ndiyo inayoogopesha watu. Ile ya kutolea damu hospitalini ina unene wa karibu milimita 0.8 na tundu katikati. Ya akupancha ni kama waya, haina tundu, mara nyingi ni milimita 0.25, na hakuna dawa inayoingizwa. Kiunoni nilichomwa za urefu wa milimita 40, nyuma ya goti na kwenye kifundo za 25, jumla kumi kwa siku. Wengine huku kwetu wanadhani ni chuku au hijama. Hapana, hapa huchanjwi wala hufyonzwi damu. Lakini zipo kliniki zinazofanya vyote, kwa hiyo sema mapema ulichofuata.

Tabibu anafuta ngozi kwa spiriti na kuiacha ikauke, maana spiriti ikiwa bado mbichi inawasha. Kisha anasimamisha kimrija cha plastiki chenye sindano ndani, mpini umechomoza milimita chache tu juu. Anaugonga kwa kidole, anakitoa kimrija, halafu anaizungusha sindano taratibu huku ikizama. Huko kugongwa kwa kidole ni kama kuumwa na mbu. Kigeni ni kinachofuata: uzito unaosambaa, kama ganzi ya mguu uliokaliwa muda mrefu. Huo ndio wanaoutafuta. Lakini ukisikia mchomo mkali unaokimbia mguuni kama shoti ya umeme, usivumilie. Sindano imekaribia mshipa wa fahamu. Sema, airudishe nyuma.

Baada ya hapo unalala nazo dakika 20 hadi 30, na hapo usijigeuze. Msuli ukikaza, sindano inang'ang'ania au kupinda. Dawa yake ni kulegeza mwili na kusubiri, tabibu akikanda pembeni taratibu. Kuivuta kwa nguvu ni kosa. Hapa ndipo nilipowapunguzia alama: tabibu aliondoka chumbani bila kuniachia kengele. Tena feni ilikuwa inapeperusha kanga niliyojifunika mpaka ikagusa mipini, na kila mguso unatonesha. Omba feni igeuziwe ukutani kabla hujachomwa, maana baadaye huwezi kuinuka.

Tatizo kubwa la siku ya kwanza ni kuzimia, na mara nyingi linaletwa na njaa, uchovu na woga. Mtu katoka Newala au Tandahimba na gari la alfajiri, hajatia kitu tumboni, anafikia kitandani moja kwa moja. Kula saa moja au mbili kabla. Uji na muhogo vinatosha. Mwezi wa Ramadhani omba nafasi ya baada ya futari, au ahirisha. Siku ya kwanza kataa kuchomwa ukiwa umekaa, lala. Ukiona jasho la baridi, kichefuchefu au macho yanaingia giza, ita hapohapo. Sindano zote zitolewe, miguu iinuliwe, na ukishatulia unywe kitu cha sukari.

Pakiti zifunguliwe mbele yako, na sindano zikishatoka ziende kwenye boksi la njano la kutupia sindano, zisirudi kwenye trei. Hesabu zinazoingia, hesabu zinazotoka. Zinazosahaulika ni zile za kwenye nywele, nyuma ya goti, au zilizofunikwa na nguo. Tabibu mzuri hakasiriki ukihesabu kwa sauti. Wangu alikuwa anahesabu pamoja nami, na hilo nampongeza kwa dhati.

Kabla ya yote mwambie kama una ujauzito, kwa sababu zipo sehemu zinazoepukwa, kama ile kati ya kidole gumba na cha shahada. Mwambie pia kama unatumia warfarin au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asifungwe ile mashine ya umeme inayobanwa kwenye sindano.

Sindano za mabegani na mgongo wa juu ziwe fupi au zilazwe, maana chini yake kuna mapafu. Ukirudi nyumbani ukapata maumivu ya kifua au pumzi kukata, hata baada ya saa kadhaa, nenda hospitali ya Ligula mara moja, wala usimpigie tabibu kwanza. Kuvia damu kidogo na kuuma kwa siku moja au mbili ni kawaida.

Kwangu nafuu ilianza baada ya awamu ya tatu: kuinama kuokota kitu hakunitii hofu tena, ingawa maumivu hayajaisha kabisa. Hii ni tiba ya maumivu sugu. Kwa mfano, NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, tangu 2012 inakubali hadi awamu 10 ndani ya wiki 5 hadi 8 kwa kuzuia kipandauso. Anayekuahidi kuponya kisukari kwa sindano, muache. Na kiuno kinachouma pamoja na ganzi ya sehemu za siri au mkojo kutoka wenyewe ni cha hospitali, leo hiihii.

Lipa kwa kila awamu. Mimi nilishawishiwa kulipia kumi kwa mkupuo nikakataa. Ukifika ya tano bila nafuu yoyote, huna sababu ya kuendelea. Uliza pia cheti cha usajili cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Siku ya kuchomwa usibebe gunia la korosho wala pampu ya salfa mgongoni, na kama umekuja na pikipiki, mwachie mwingine aendeshe.