Babu wa noti, bibi wa maswali
Matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa na NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, babu wa Temeke huuliza daraja tu: likiwa la kwanza, yaani pointi 7 hadi 17, hutoa noti ya shilingi 10,000 kwenye mfuko wa kanzu, likiwa la nne, hunyamaza. Bibi wa Magomeni huvaa miwani, akamtaka mjukuu amsomee somo moja moja, kisha humuuliza kwa nini Hisabati ni F ilhali Kiswahili ni B. Noti hufurahisha zaidi (nani asiyeipenda?), lakini daraja hutokana na masomo 7 aliyofanya vizuri zaidi, hivyo F hiyo yaweza kujificha. Mjukuu anayetaka kurudia mtihani ningempeleka Magomeni kwanza, Temeke baadaye.